Panya wa Mwanahija

Darasa langu huanza na wanyama. Walimu wengine wa Kiingereza hapa Kismayo huanza na salamu, na mwezi wa kwanza ukiisha wanafunzi wao wanajua kuulizana hali na hawajui zaidi ya hapo. Mimi huanza na popo. Bat, nawaambia, ni popo, na bat huyohuyo ni gongo la kupigia mpira. Seal ni mnyama wa bahari za baridi, sisi hatujapata kumwona, lakini pia ni muhuri. Fuko ni mole, na mole ni baka la mwilini. Kondoo dume ni ram, na ram ni kugonga kitu kwa nguvu zako zote. Nyegere ni badger, na badger ni kumganda mtu mpaka akupe unachotaka. Hog humruka, maana wazazi watakuja kuniuliza kama watoto wao wameletwa kusoma au kusomeshwa nguruwe.

Orodha hiyo niliipata katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kenya, kwa mwalimu aliyetufundisha chini ya turubai bila kitabu hata kimoja. Alisema Waingereza hawapendi kupoteza kitu: mnyama akimaliza kazi yake ya unyama hupewa nyingine. Kauli hiyo nimeitumia miaka mingi kana kwamba ni yangu.

Mama yangu alikuwa na mazoea ya kuja kukaa nyuma ya darasa, karibu na mlango, akipeta mchele. Kiingereza hakukitaka. Katika orodha nzima alimpenda mnyama mmoja tu, dubu. Nilimweleza kwamba bear ni dubu, tena ni kubeba, tena ni kustahimili, tena ni kuzaa. Akafikiri kidogo, ungo mkononi. "Huyo basi ni mnyama mke," akasema, akaendelea kupeta.

Na kuna panya. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaharibu ni mimi.

Sisi asili yetu ni kisiwa cha Chula. Mimi, Sumeya, ndiye mtoto wa kwanza. Baada yangu walizaliwa wavulana watatu, Riyadh, Abdalla na Abdulmalik, na hakuna hata mmoja aliyefikisha mwaka. Mama aliwaita kwa majina yao tangu siku ya saba, uani na kisimani, mbele ya kila mtu, kwa furaha. Wanawake wa kisiwani wakamwambia kwamba furaha yake ndiyo iliyowaonyesha kwa mauti. Kwa hiyo wa nne alipozaliwa, Bi Barke, shangazi yake baba, alimchukua akamtoa kwa mlango wa nyuma, akamlaza juu ya nyavu mbovu zilizokuwa zikiliwa na panya. Kisha akapiga kelele.

"Kuna panya huku! Mwenyewe ni nani?"

Mama akajibu kutoka chumbani, kwa sauti iliyochoka na kwa lahaja yetu ya Chula, ambayo mtu ni mchu na jina ni ina. "Mchu gani ataka panya? Haya, mlete, ntamlea vivyo hivyo."

Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama na kata ya maji mkononi, na nakumbuka nilimwonea huruma ndugu yangu. Baba alimwadhinia sikioni akampa jina la haki, Mahir, kwa sauti ya chini. Jina hilo liliandikwa kwenye kadi ya kambi na baadaye kwenye vyeti vya shule. Lakini mdomoni mwa Mama halikupita. Aliweka nadhiri kwamba hatalitamka mpaka Panya mwenyewe awe baba na ampe mwanawe jina. Na yeye akajiita Mama Panya. Mimi kifungua mimba, kwa haki awe Mama Sumeya kama desturi ya watu; haki hiyo sikuipata, na nakiri iliniuma.

Panya akakua. Tulikimbia vita naye akiwa mgongoni, tukakaa kambini, Baba akafia huko, tukarudi Kismayo, na yeye hakuugua hata surua. Mama alikuwa akimtazama akila kama mtu anayetazama mvua ya kiangazi.

Alipofika miaka ishirini aliingia darasani kwangu. Siku ya panya nilisimama ubaoni nikasema, "Rat ni panya. Na rat ni mtu anayewauza wenzake." Darasa zima likageuka kumtazama. Ningeweza kunyamaza nikaenda kwa mnyama mwingine. Lakini mimi ni mtu wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye. "Basi jihadharini na ndugu yangu," nikasema. Wakacheka mpaka wakapiga madawati. Yeye hakucheka.

Siku ileile alimwomba Mama amwite Mahir.

"Nina ndevu, Mama," alisema. "Mimi ni mchu, si panya. Niite ina langu."

Mama alimziba mdomo kwa kiganja, kama anavyozibwa mtoto anayetukana. Panya akauondoa mkono ule taratibu.

"Wachu wazima wana maina mazuri," akasema.

"Wenye maina mazuri wako Chula," Mama akamjibu, "makaburini."

Miaka miwili baadaye alisafiri. Sitasema alikimbia jina. Alikimbia yale ambayo kila kijana wa hapa huyakimbia, na njia aliyopita hajanisimulia yote mpaka leo. Lakini jina aliliacha. Alipofika Ulaya aliomba hifadhi, na katika mahojiano ya kwanza walimuuliza kama amewahi kuitwa kwa jina lingine lolote. Akasema hapana. Wakamuuliza habari za Chula. Akawatajia visiwa jirani, Ngumi na Darakasi, akawatajia samaki, akawatajia kisima na misikiti. Wakasema hayo mtu yeyote anaweza kuyakariri. Ombi likakataliwa.

Wakili wake, mwanamke mmoja mvumilivu sana, akakata rufaa. Akasema kama mama mzazi yu hai, basi atoe ushahidi kwa njia ya video, aseme huyu ni mwanawe na amemzaa Chula. Ilibaki nafasi hiyo moja. Wakikataa tena, atarudishwa.

Siku moja kabla ya mahojiano, ndugu yangu alinipigia simu.

"Dada, habari ya Panya sikuwaambia. Nilisema sina ina lingine."

"Kwa nini?"

"Ningeanzia wapi? Nimwambie mzungu kwamba mamangu aniita panya? Na yeye ayua rat kwao ni mchu wa namna gani. Si wewe uliyenifundisha?"

Akasema mambo ni mepesi: wakimuuliza Mama jina, aseme Mahir, basi. Nilimpelekea Mama maneno hayo. Alikuwa akikunja nguo, akaendelea kukunja, hakusema kitu. Kimya chake nikakichukua kuwa ni radhi. Mwanamke niliyekaa naye miaka thelathini na minane, na bado sikujua kwamba kimya chake kina maana zaidi ya moja!

Mahojiano yalifanyika asubuhi darasani kwangu, kwa kuwa ndipo penye mtandao wa kutegemewa. Kwenye kompyuta walitokea afisa wa kiume mwenye miwani, wakili wetu, na ndugu yangu pembeni amevaa koti lililompwaya mabegani. Mkalimani hakuonekana, ilisikika sauti yake tu, Kiswahili cha bara. Masharti yalikuwa kwamba mimi naruhusiwa kuwemo chumbani ila maswali yakianza nisiseme neno.

Afisa alitaka kwanza aonyeshwe chumba. Nikaizungusha kompyuta. Alipoona ubao akauliza kilichoandikwa ni nini, nami nikamjibu kwamba ni wanyama, somo la jana. Akaomba kifutwe, asije shahidi akawa na cha kusomea. Mama hasomi hata herufi moja ya Kizungu, lakini nikafuta. Popo akaenda, fuko akaenda, dubu na panya nao wakaenda.

"Bibi, tutajie watoto wako," mkalimani akasema.

"Sumeya, huyu hapa," Mama akasema. "Na Panya."

Mkalimani akasita. "Panya, yule mnyama?"

"Ee. Panya."

Nikalisikia likivuka kwenda Kiingereza. Rat. Afisa akaandika, akafunua karatasi, akafunua nyingine. Kisha akasema, na mkalimani akaleta maneno yake, kwamba faili halina mtu wa jina hilo, na mwombaji mwenyewe alisema hajawahi kuitwa jina lingine. Ndugu yangu akainamisha kichwa.

"Je, una mtoto anayeitwa Mahir?"

Nilimtazama Mama mdomo, ulikuwa umefungwa sawasawa.

"Huyo kijana ni mwanangu," akasema hatimaye, akinyoosha kidole kwenye kioo. "Nimemzaa mimi, Chula. Mvueni kiatu cha kushoto, muangalie kisigino. Ana kovu la mwiba wa samaki taa."

"Bibi, nahitaji jina lake kwa sauti, lirekodiwe," afisa akasema. Hakuwa mkali, nadhani angekuwa mkali ningemchukia ikanisaidia. "Mama asipojua jina la mwanawe, niandike nini?"

"Nayua."

"Basi litaje."

"Sitaji."

Wakili akaomba dakika kumi.

Nilimvuta Mama nje, penye pipa la maji, na hasira zangu zote zikanitoka. "Neno moja, Mama! Neno moja tu! Wewe ni mchu wa kusali, wayua siku ya mja imeandikwa. Ina litamuua vipi?"

"Usinipigie kelele, Sumeya. Mwenye roho ni Mwenyezi Mungu, hilo naliyua kabla hujazaliwa." Akaketi juu ya kizingiti. "Wavulana wachachu niliwazika. Alipokuja wa nne sikuwa na kichu cha kutoa ila ulimi wangu. Nikasema, huu ntaufunga. Na yeye akaishi. Sasa ni ulimi au si ulimi, mimi siyui. Wewe wayua?"

"Wakimrudisha je? Ile njia aliyopita, apitishwe tena?"

Akavuta buibui mabegani. Nami nikaona kama sitasema sasa sitasema tena. "Mama, aliyemtia aibu ni mimi. Siku ile darasani. Nilimcheka mbele ya wachu."

"Nayua," Mama akasema. "Si nilikuwa nyuma, napeta mchele?"

Miaka yote hiyo alijua, na hakuwahi kunitupia neno. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alikuwa akitazama mikono yake.

"Nikilitaja, hatakufa?"

"Hatakufa, Mama."

"Wayua?"

"Najua," nikasema, kwa ile sauti ya mwalimu ambayo wanafunzi huiandika daftarini bila kuuliza.

Akainuka. Alichota maji pipani, akasukutua mara tatu kama anayetawadha, akajifuta midomo kwa upande wa buibui. Tukarudi ndani, akakaa mbele ya kompyuta, akaweka viganja viwili juu ya meza.

"Nitawataja wote," akamwambia mkalimani. "Walio hai na waliokufa. Usinikate."

"Sumeya, yuko hapa.

"Riyadh, yuko Chula.

"Abdalla, yuko Chula.

"Abdulmalik, yuko Chula."

Akatua. Nikaona kucha zake zimekuwa nyeupe kwa jinsi alivyoikandamiza meza.

"Mahir."

Lilimtoka kwa taabu na kwa upya, kama neno la lugha nyingine. Mkalimani, kwa kuwa orodha ilikuwa imeshamzoesha, akauliza, "Yuko wapi?"

"Yuko hapo kwenu," Mama akasema. "Mchunzeni, mumlinde."

Ndugu yangu alijifunika uso kwa koti. Ana miaka ishirini na tisa, na mamake hajapata kumwita hivyo. Kisha akaufunua, akasema kwa Kiingereza, bila ruhusa ya mtu, kwamba yeye pia ni Panya, kwamba alidanganya kwa aibu, na kwamba mama yake alimpa jina hilo ili aishi, waliandike. Afisa hakumzuia. Mimi mwalimu wake sikuona kosa hata moja katika sentensi zile, na nililia bila kutoa sauti kwa sababu ya masharti.

Kesho yake asubuhi Mama alitoka mlangoni akamwita jirani yetu, Khamisa, aliyemwita Mama Panya tangu tuhamie mtaa huu.

"Kuanzia leo niite Mwanahija," akamwambia. "Mwanahija binti Mzee, wa Chula. Na uniite kwa sauti, nisikie mpaka jikoni."

Khamisa akacheka. "Makubwa! Umekuwa bibi arusi?"

"Niite tu."

Akamwita. Siku zilizofuata akamwambia muuza maji, akawaambia wanawake wa chuo cha Kurani, akamwambia hata mshona viatu wa kona. Kutwa nzima mtaa ukawa Mwanahija huku, Mwanahija kule. Mimi nilifurahi. Nikadhani ametua mzigo, amejikumbuka kuwa naye ni mtu mwenye jina lake, si mama wa fulani tu. Nikawasimulia hata wanafunzi wangu, nikajisifu kwamba mama yangu uzeeni amepata akili mpya. Mjinga akierevuka huanza kufundisha wenzake.

Majibu yalikuja wiki saba baadaye, nikiwa ubaoni. Wakili aliandika maneno machache: amekubaliwa, atabaki. Niliacha chaki, nikawaacha wanafunzi na ram na badger wao, nikakimbia nyumbani nikiwa na ndala moja mguuni na nyingine mkononi.

Mama alikuwa ameketi mlangoni kwenye mkeka. Nilimwambia. Akasema alhamdulillahi, akasujudu palepale kwenye mkeka, akakaa hapo chini muda mrefu. Alipoinuka macho yalikuwa makavu.

"Sumeya, kaa. Wachu wote wameniita, umebaki wewe."

"Nikuite nani?"

"Ina langu. Simama hapo uani, uniite kwa sauti kubwa kuliko wote. Wewe ndiwe damu yangu."

"Mama, mimi nikuite kwa jina? Si adabu."

"Nimekupa ruhusa."

"Kwa nini lakini?"

Alinitazama kwa upole, kama anayemwonea haya mtu mwenye elimu yake. "Yule kijana nilimfunika, nami nimemfunua. Yuko uchi wa ina. Basi anayekuja kutafuta ina katika nyumba hii, na alisikie langu kwanza. Langu liwe karibu na mlango. Mimi nishakula siku zangu, yeye hajaoa bado."

Kumbe ndilo alilokuwa akilifanya wiki saba zote. Mtaa mzima ulikuwa ukimwitia, kwa vicheko, na mimi nikijisifu darasani.

"Ni upuuzi, Mama," nikasema. "Ni neno tu. Wewe mwenyewe wasema siku ya mja imeandikwa."

"Ee. Wewe si ulisema wayua? Basi kama ni neno tu, niite."

Nikasimama. Nikaenda katikati ya uani. Khamisa alikuwa ukutani akianika nguo, akaacha kuanika. Nilifungua mdomo. Mimi ninayejua kwamba popo ni gongo na muhuri ni mnyama wa baridi, mimi niliyemwambia mamangu kwa sauti ya ualimu kwamba neno halimuui mtu. Jina lilikuwa pale kooni, silabi nne, nalijua tangu utoto.

"Niite, mwanangu," Mama akasema.

Halikutoka. Nikarudi mpaka kwenye mkeka, nikakaa chini, nikamshika mikono yote miwili.

"Mama," nikasema. "Mama Panya."